Kalamu Nyekundu na Penseli

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ya duka la mbolea,
nimechora reli zote ninazozijua.
Kalamu nyekundu: zinazobeba abiria.
Penseli: zilizowahi.
Eliapenda anapita na kikombe chake, anachungulia,
anasema, "Mama Anaeli, penseli itakwisha."

Siku kumi na mbili za likizo, laki sita na nusu,
watu watatu, mmoja ana miaka tisa
na anataka kujua kama dereva wa treni ana usukani.

Nilianza na nyekundu.
Stesheni yetu hapa Moshi, madirisha yamepakwa rangi upya.
Miaka ile treni ilipokata mguu
abiria walikuwa mbuzi wa Njoro,
wakila majani kati ya mataruma, bila tiketi, bila haraka,
na sisi wenyeji wa mji wenye jina la moshi
tukawa hatuna gari lake.
Sasa lipo. Kahe, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe:
mstari mmoja, sikuinua mkono.

Makanya, kwa ratiba niliyopewa, haisimami.
Nimempigia shangazi Nakijwa kumwomba radhi.
Amesema sawa, treni isisimame, atasimama yeye,
na tochi, atawasha mara tatu,
tukae madirisha ya upande wa milima.

Korogwe kwenda Tanga nikashika penseli.
Reli ipo, imelala na Muheza yake na michungwa yake,
lakini mtu na begi lake hapandi.
Kwa hiyo Tanga ni basi. Basi.

Halafu nikarudi Kahe, pale penseli inapopinda kushoto
kwenda Taveta, kwenda Voi,
na hapo mkono ukawa mzito
kwa sababu ya karatasi iliyo ndani ya Biblia ya mama:

*Voi hadi Moshi. Kifurushi kimoja. Cherehani.
Kilo kumi na nane. Januari 1977.*

Mwezi uliofuata mpaka ulifungwa.
Cherehani iliyokuwa imelipiwa mpaka senti ya mwisho
ikabaki upande wa pili, juu ya rafu nisiyoijua,
na sare za kaka zangu, kisha zangu,
zikashonwa kwa mkono, karibu na karabai,
mshono mdogo mdogo kama nyayo za sisimizi.
Darasani walinicheka. Pindo halikufumuka hata siku moja.

Voi kuna treni mpya siku hizi, ya kasi, mpaka Mombasa.
Nikaipaka nyekundu.
Nikaona duara: Holili, Taveta, Voi, Mombasa,
Horohoro, Tanga, Korogwe, nyumbani.
Duara bovu, nusu penseli,
lakini kidole cha Anaeli kilizunguka kikarudi Moshi
bila kudondoka mezani.

Nikampigia mama.
Nikamweleza kwamba stesheni ya zamani huenda ni magofu,
huenda ni ghala, huenda ni popo tu.
Akasikiliza.
Akasema, "Mkifika, mkumbuke na sindano. Dazeni moja.
Zilikuwa kwenye droo ya kushoto."

Nilipokata simu Eliapenda alikuwa amekaa.
Amevaa miwani ya mahesabu.
Nikajua atasema nini: nauli, malazi, ada ya Januari,
miaka karibu hamsini, jamani, nani anatunza kifurushi.
Akavuta kalenda kwake.
Akakata usiku mmoja wa hoteli Mombasa.
Akauliza, bila kuniangalia,
"Kilo ngapi, umesema?"

Penseli ilikuwa karibu na mkono wake.
Akaivuka, akachukua ile nyingine,
na chini ya nauli ya mtoto akaandika: *mzigo, 18.*

Anaeli bado anangoja jibu la usukani.