Mikunjo Kumi na Moja

Waja leo, waondoka leo: ndivyo Tanga isemwavyo.
Hili lilikuja mwaka sabini na tisa, halikuondoka.
Alfa nyekundu, milango miwili,
Mtaliano wa shamba la mkonge Pongwe aliliacha
kwa deni la mchele na mafuta ya taa.
Mzee Semboja, aliyekuwa akimdai, hakujua kuendesha.
Akalifugia kuku.

Nimelinunua pamoja na samadi yake.

Mke wangu Mwanamkuu alilizunguka mara moja, kimya,
kama mtu anayetajiwa bei ya mbuzi.
Akauliza: "Linakula nini?"
Nikasema: "Pensheni."

Tukalisukuma uani, Makorora, kati ya kamba ya nguo na karo.
Hewa ya chumvi ilishamaliza kazi yake.
Ukikanyaga sakafu, mguu unasalimiana na ardhi.
Na milango, kutu imeila kipanya,
imeuma huku ikipuliza.

Nilikuwa fundi umeme wa kreni, bandarini, miaka thelathini na mmoja.
Waya unaodanganya naujua.
Basi nikaanza na nyaya, nikang'oa zote.
Platini nikatoa, nikafunga moduli ya elektroniki.
Feni ya mkanda ikaenda kwa muuza vyuma chakavu,
nikaweka ya umeme, ya Vitz iliyogonga nguzo Mabanda ya Papa.
Breki za mbele, diski mpya, pana kama sahani za ubwabwa.
Nuru, mtoto wa dada yangu, alipiga bodi msasa likizo nzima
mpaka alama za vidole zikafutika,
simu yake ikamkataa.

Mwanamkuu alishona viti. Hakusema amekubali.
Alitoa cherehani barazani, akaniambia nisimpangie rangi.
Vikatoka vya kahawia, uzi wa njano,
na kimoja, cha kwake, kina sifongo mara mbili.

Kisha nikafungua pampu ya maji
nikakutana na marehemu fundi Shekalaghe.
Kwa sura simjui. Namjua kwa mkono.
Pale pa sili ya mpira alikuwa amezungushia katani,
uzi uliosokotwa pajani, ukalowekwa nta na grisi,
mikunjo kumi na moja, imelala sawasawa kama ukili.
Miaka ile vipuri havikuja. Sabuni yenyewe foleni.
Akatazama shambani, akaona kipuri.

Sili mpya nilishaiagiza:
Milano, Dubai, Dar, basi la usiku,
laki na themanini, ndani ya karatasi inayong'aa.
Nikaifunga Alhamisi.
Jumamosi ikavuja.
Kipya kinyemi, walisema.
Mwisho wa methali nilikuwa nimeusahau.

Nuru akaniuliza kama katani bado inauzwa.
Mtu anauliza hivyo, naye yuko Tanga!

Nilisokota mara tatu. Mara ya kwanza kamba ya mbuzi,
ya pili utambi. Ya tatu Mwanamkuu aliniondoa kwenye kigoda,
akasokota mwenyewe, akaendelea na mchuzi wake.
Sasa nyuma ya moduli na feni na taa ndogo za kisasa
iko mikunjo kumi na moja,
na haionekani, hata ukiinua boneti.

Jana alasiri tukaliwasha.
Likakohoa, likatoa unyoya, nadhani wa kuku,
likanguruma mpaka jirani akafungua dirisha
ili apate kulifunga kwa kishindo.
Mwanamkuu akakaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani.
Tukaenda Raskazone, tukageuza. Ndiyo safari yote.

Usiku nikainama na tochi, shavu kwenye saruji.
Tone moja.
Nikangoja la pili.
Akauliza kutoka ndani: "Linavuja?"
"Linafikiri," nikamjibu.