Sehemu ya Maelezo

Konde, saa nne usiku. Umeme umerudi,
feni inakohoa, na mimi bado nabishana na mlango.
Nimeandika anwani. Nimeandika ufunguo,
herufi arubaini, moja moja,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Jibu: Huruhusiwi.
Nikaandika tena.
Huruhusiwi.

Mizani ya kituo ishasema yake tangu alasiri:
Bi Mize Faki, kilo kumi na tisa, kavu.
Mfumo umeipokea, umeikunja, umesimama nayo njiani
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau duka la nani.

Ussi akapiga simu kutoka Wete, anatafuna kitu:
"Tazama eneo. Umeandika Ulaya.
Ghala letu la winguni liko Afrika Kusini."
Neno moja! Nikalifuta, nikaweka jengine.
Kimya.
Kisha kijani.

Zikaanza kupita, risiti elfu mbili mia moja na nne,
na hakuna mbili zenye sura moja:
huyu ana simu, huyu hana,
huyu jina lake "Mke wa Sharifu", basi.
Daftari la zamani lilikuwa na vijumba sita;
asiyeenea alikatwa.

Ya Bi Mize ilikuja na sehemu
isiyokuwamo kwa mwengine yeyote.
Karani alimsikiliza, akaandika vilevile:
"Mkarafuu wa marehemu dada.
Pesa wapewe wanawe kwanza, mimi nyuma."

Nikangoja ikataliwe.
Ikapita.