Sindano Isiyo na Uzi

Miaka thelathini na miwili mkono huu unatoboa vitambaa.
Kofia za vito, tundu kwa tundu,
kila tundu nimelizungushia uzi
mpaka likawa jicho lisilopepesa.
Sikuwahi kukiuliza kitambaa kama kinaumia.

Leo nimelala kifudifudi hospitalini,
karatasi ya kitanda ikilia chini ya shavu,
na Nekesa, binti wa Bungoma, mwenye vidole vya baridi,
(bado hucheka tukimwita mtu "ndoo";
kwao ndoo ni ya kutekea maji)
analipapasa bega langu la kushoto
kama atafutaye sarafu iliyoshonewa ndani ya pindo.

Hapa?
Si hapo.
Hapa?
Panda kidogo.
Na hapa?
Sikujibu. Maumivu yaliruka kutoka begani
yakabisha hodi nyuma ya jicho,
nyumba ya mbali, mlango ambao hakuugusa.

"Ni fundo," akasema. "Nyama imejikunja,
imesahau kukunjuka. Nitalichoma kwa sindano kavu."
Kavu?
"Haina dawa ndani. Haina kitu."
Na uzi uko wapi?
Akacheka. Mimi sikutania.
Katika kazi yangu, sindano isiyo na uzi
ni mgeni wa harusi aliyekuja mikono mitupu.

Akanionyesha. Rabbi! Nyembamba
kuliko ile namba kumi niifichayo katika kopo la poda,
nyembamba kama unywele wa kichanga.
Akalibana bega kwa vidole viwili, akalinyanyua,
vile vile nibanavyo ukingo wa kofia kabla ya kutoboa,
nikajua niko mikononi mwa fundi.
Fundi na fundo: sijui nani alimzaa mwenziwe.

Kuingia kwake sikukusikia.
Kisha ikafika penyewe
na bega likashtuka bila ruhusa yangu,
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni
katikati ya soko.
Nikatoa neno ambalo mama hakunifundisha.
"Vizuri," akasema Nekesa, "hivyo ndivyo tunavyotaka."
Mkuki kwa nguruwe mtamu.
Nikazikumbuka kofia zangu, moja moja.

Mshtuko wa pili ulikuwa mdogo.
Wa tatu, ukope tu.
Halafu kikalegea kitu ambacho sikujua nimekishika,
nikalia, wala si kwa uchungu:
machozi yalikuwa kwenye foleni, na dirisha limefunguliwa.

Maji mengi. Kitambaa cha moto.
Usishone leo wala kesho. Ukishona, kila nusu saa inuka.
Bega litauma siku moja, mbili, kama limepigwa.
Na kile kichwa kizito cha alfajiri?
"Tutaona. Siahidi muujiza."
Nilimpenda kwa hilo.

Kuna jambo sikumwambia.
Njia yangu ya kurudi Langoni ina baraza moja, upande wa kushoto.
Hukaa hapo dada yangu Mwanatumu na ungo wake wa mchele.
Tuligombea cherehani ya marehemu mama,
na maneno ya siku ile hayafumuki.
Miezi minane nimepita pale shingo imekazwa mbele,
na watu wakinihurumia: maskini Somoe na shingo yake.
Ilinisitiri, shingo hii.
Hata cheti cha daktari nilikuwa nacho.

Leo punda wa mchanga amenibana ukutani,
nikageuka kumpisha,
na shingo, msaliti we, ikageuka yote.
Akaniona nikimwona.
Ungo ukasimama magotini pake.
"Ndoo," akasema, kwa sauti ya mama.

Bega lilianza kuuma, kama nilivyoahidiwa.
Nikatafuta udhuru mwingine mwilini,
kiungo kwa kiungo.
Magoti yalikuwa mazima.