Hesabu Chini ya Bati

Mvua ya Tukuyu ikishika bati
hakuna anayemsikia mwenzake.
Kwa hiyo mimi na Bupe tuliandikiana,
wauguzi wastaafu, watu wazima na meno ya bandia,
kama watoto wanaopeana vikaratasi darasani.
Karatasi yetu ilikuwa kalenda ya mwaka juzi,
Februari,
upande usio na picha ya trekta.

Aliandika NAULI,
akapiga mistari miwili chini yake
kama alivyopigia majina ya wagonjwa wa kuangaliwa usiku.
Milioni mbili na laki moja, kwenda na kurudi.
Nikaandika pembeni: kila mtu?
Akanitazama juu ya miwani.
Kila mtu.

Treni ya Tazara mpaka Dar ni nafuu,
lakini ikichelewa, ndege si harusi, haisubiri.
Basi basi, akaandika,
na sikujua lipi ndilo gari.

Kisiwa kinaitwa Ko Lanta.
Bupe anasema ko ndiyo kisiwa kwa lugha yao,
kwa hiyo ukisema kisiwa cha Ko Lanta
umesema kisiwa mara mbili,
na watakulipisha mara mbili.

Chumba: kibanda cha mianzi. Feni, si kiyoyozi.
Chandarua kipo (hilo alilizungushia duara;
atapambana na malaria mpaka kaburini).
Chakula: cha barabarani, wanachokula wenyeji.
Tubebe mchele wa Kyela? niliuliza.
Akaukata. Subi, tunakwenda kupumzika,
hatuhami.

Kisha neno moja tu: SEPTEMBA.
Septemba vyumba ni nusu bei.
Kwa nini?
Mvua. Wageni wanaogopa mvua.

Tulicheka mpaka chai ikamwagikia Februari.
Kicheko chenyewe sikukisikia,
niliona mabega yake tu.
Sisi tuliozalisha watu kwa taa ya chemli
maji yakipita chini ya mlango wa wodi,
sisi ambao nguo hukaukia jikoni
tukaenda nazo kanisani zikinuka maharage,
tupunguziwe bei kwa sababu ya mvua!
Ni kumlipa bata ili aoge.

Nikauliza: siku kumi, tutafanya nini huko?
Akaandika, akakata, akaandika tena.
Hakuna.
Hakuna wa kuniita sista saa nane usiku.
Hakuna kikoba. Hakuna mbuzi wa jirani.
Wana machela za kamba, zinafungwa kwenye miti miwili.
Miaka thelathini na nne nimebeba machela,
sijawahi kulala juu yake.

Hapo nilikunywa chai iliyobaki, ya baridi.

Na Lusajo? niliandika. Mwanawe anataka pikipiki,
anasema mafao ni ya familia.
Kalamu ilikaa hewani kitambo.
Lusajo hayumo kwenye karatasi hii.

Tukajumlisha. Tukajumlisha tena kutoka chini kwenda juu,
kama tulivyohesabu mikasi kabla tumbo halijashonwa.
Mara zote mbili ilipungua laki tatu na arobaini.
Maparachichi ya msimu mmoja, tukipata mnunuzi mwaminifu.
Pasi za kusafiria, bado. Viza, tunauliza.

Mvua ikakatika
jinsi inavyokatika huku, kama mtu kafunga bomba.
Migomba ikaanza kudondosha, tone, kimya, tone.
Kuku akatoka chini ya ghala, akatazama huku na huku.
Sasa tungeweza kusema kwa sauti.
Mke wa mchungaji alikuwa akipita na mwamvuli bado wazi;
tukamsalimu, akaitika, akauliza habari za magoti yetu.

Bupe alifunika Februari kwa kisahani.
Alingoja hatua za yule mama ziishe kwenye tope,
akakifunua, akaandika:
Ndala mpya. Unavaa namba ngapi?
Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza.

Saba, nikaandika.
Ila wa kushoto huvimba.