Ghala Kabla ya Moto

Saa tisa na nusu, Chumbageni, mfungo kumi na saba.
Saumu anamenya viazi, ananiuliza bila kuinua macho:
"Mama, tangu daku hujala. Nani anakulisha?"

Nimecheka. Kisha nikanyamaza,
maana swali hilo nimelichorea ubaoni wiki nzima
kidato cha sita wakisinzia.

Najilisha, mwanangu.
Katika kila seli kuna jiko lisilo na moto,
lina uchachu tu, kama siki. Lisosomu.
Mafuta ya tambi za juzi, yaliyolala tone tone,
yanafungwa kifukoni, yanatiwa humo,
na vimeng'enya vinayakwangua
kama korona ya Ngomeni inavyolila jani la mkonge
mpaka zitoke singa:
asidi za mafuta, ndefu, moja moja.

Hapo wanafunzi wangu hufunga daftari.
Ngojeni.

Mkumbuke shangazi yako Mwanakheri, uani kwake Ngamiani:
mafuta ya nazi, magadi, sufuria moja, sabuni.
Asidi iliyo huru ni binamu wa sabuni.
Iache izurure, itaziosha kuta za nyumba yake yenyewe
mpaka zitoboke.

Kwa hiyo haitembei peke yake.
Kuna protini ya kuipakata njiani,
kuna koenzaimu ya kuigongea kichwani
kama robota linavyopigwa chapa stesheni.
Na nyingi (hili nililisoma chuoni, nina mimba yako,
nikadhani mwandishi amekosea)
nyingi haziendi motoni.
Zinarudi ghalani.
Zinashonwa upya, tatu tatu, tone jipya,
jirani na mitokondria,
na tanuri linazichukua kwa kipimo.

Kufumua gunia ili ushone gunia!
Njaa imebisha hodi, na seli inaweka akiba.
Niliuita uzembe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Baadaye nilimwona mtoto wa Shemdoe, wodini Bombo,
tumbo limejaa, mikono vijiti.
Jiko lake lilizaliwa bila kimeng'enya kimoja.
Shehena iliingia.
Haikutoka.
Hilo sikumwambia Saumu.

Nimemwambia tu: ninachokula sasa nilikiweka mwenyewe.

Ametazama sufuria, akapima kwa jicho.
Amerudisha viazi vitatu kikapuni.
"Vya daku," amesema,
akawasha jiko.