Kama Wangenikuta Nyumbani

Leo uwanjani Mumboha wamepanga vijana mistari minne.
Wamevua viatu, wamekunja suruali,
na bwana wa jeshi anawafungua midomo
akihesabu meno
kama mnunuzi wa ng'ombe hapo sokoni Luanda.
Mpwa wangu Okwemba ni wa kumi na saba.
Saa tisa ya usiku alikimbia hadi Maseno na kurudi
ili mapafu yasije yakamwaibisha.
Mimi nimemshikia koti na vyeti.

Nimeegemea ukuta, nawaza mwaka ule
ambao hawakuhitaji vyeti.

Askari wa chifu walikuja gizani
na kamba ya katani, vitanzi vimeshafungwa,
maana kila boma la Bunyore
lilikuwa na deni la mwanamume.
Hakuna aliyeambiwa vita ni vya nani.
Mjerumani lilikuwa neno tu,
lingeweza kuwa jina la ugonjwa wa kuku.

Mimi ningefanyaje?

Niulize baada ya chai, mbele za watu:
ningesimama mlangoni, panga mkononi,
niwaambie mzigo wenu bebeni wenyewe.

Niulize saa nane ya usiku,
mimi na kilo zangu tisini na magoti yanayolia:
ningekimbilia kule kwenye majabali,
nijipenyeze palipo na popo.
Au ningejikata kidole cha shahada.
La, hapo nadanganya.
Mimi huzimia nikichomwa sindano.

Pengine ningekwenda tu.
Wako waliokwenda kwa blanketi moja.
Wako waliokwenda kwa sababu mwenzao amekwenda,
na aibu ya kubaki na wanawake kisimani
iliwashinda uzito kuliko risasi wasiyoijua.

Pengine, na hili nalisema polepole,
ningewaonyesha mlango wa jirani.

Kwetu walikuwa wana wawili.
Mdogo, Ambetsa, aliposikia mbwa
aliingia ghalani, akajizika kwenye wimbi hadi shingoni,
akavuta kifuniko cha nyasi.
Mkubwa alikuwa na funza mguuni, hakuwahi.
Kutoka ndani ya ghala Ambetsa alisikia kofi,
akasikia swali: uko peke yako hapa?
Akasikia kaka yake akisema,
niko peke yangu.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonizaa.

Ambetsa ndiye baba wa babu yangu.
Alikaa humo siku mbili, akatoka, akaoa,
akazika wazazi wake, akapanda mikaratusi ile mnayoiona.
Wimbi hakulila tena hadi anakufa.
Ukimletea uji wake aliinuka akaenda kuangalia mbuzi.

Kaka yake walimtembeza hadi Kisumu,
wakamtia garimoshi, wakamfunga namba shingoni.
Mengine tuliyapata kwa mtu wa Ebusakami
aliyerudi hana kucha za miguu:
sanduku la risasi kichwani, mvua ya Rufiji,
unga usioiva kwa kukosa kuni kavu,
tumbo likafunguka, likakataa kufungwa.
Mtu yule alikaa kwetu usiku mmoja.
Alimtazama Ambetsa sana, wanasema,
lakini hakumuuliza kitu.

Ndiyo maana sina kifua cha kujibu.
Kila ushujaa ninaojipangia
unakwenda kugonga mlango wa ghala
na kumkuta mtu mle ndani, anapumua kidogokidogo,
ana pua yangu.

Sasa bwana wa jeshi amemfikia Okwemba.
Anamgeuza viganja. Anamtazama nyayo.
Amemuuliza jambo; niko mbali, sisikii.
Naona tu kijana anatikisa kichwa,
kisha anageuka kunitafuta ukutani,

na mimi, sijui kwa nini,
nimeinua koti lake
hadi machoni.