Somo la Kufungua

Jumatatu sikuwapa mbao.
Niliwapa kiti kimoja cha mvule
kilichotupwa nyuma ya jiko la shule ya bweni,
mguu mmoja ukining'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza,
nikawaambia: kifungueni.
Si kukivunja. Kukifungua.
Ocaya alikuwa tayari ameinua nyundo.

Hapa Jinja karakana yetu ilikuwa ghala la pamba.
Kuta bado hutoa nyuzi nyeupe upepo ukivuma kutoka mtoni,
nyuzi zinazonasa kwenye varnishi mbichi
na kutuharibia kazi.
Ubaoni nilichora duara,
chini yake maneno ya mtaala: uchumi wa mzunguko.
Naigaga akauliza kama duara lile litatoka kwenye mtihani.
Nikamwambia mtihani umo ndani ya kiti.

Wakalowesha matambara katika maji ya moto,
wakayafunga kwenye viungo
kama mtu anayekanda goti la bibi yake.
Gundi ya zamani, ile ya ngozi na kwato, ina adabu:
ukiipa mvuke na subira, inaachia.
Kabla ya saa nne ulimi ukatoka tunduni, mzima,
rangi ya asali,
na ubavuni mwake alama ya penseli, msalaba mdogo
uliochorwa na mtu tusiyejua hata jina.
Kaudha akaunusa.
"Bado ni mti," akasema.

Jumanne tukaenda Walukuba, kwa wauza chakavu.
Tukanunua viti vitano kwa bei ya kuni,
maana ndivyo vilivyohesabiwa: kuni.
Kimoja nilikitambua kabla sijakigeuza.
Mgongo ule wa upinde. Ukingo ule wa fomaika.
Nilikuwa kijana, nina oda ya viti mia mbili vya ukumbi wa harusi,
na mwenye oda alivitaka Ijumaa.
Nikapiga misumari.
Nikamwaga gundi nyeupe isiyojua msamaha.
Juu ya ubao wa unga nikapaka rangi ya mvule,
macho yadanganyike
mpaka hundi ipite benki.

Ocaya alihangaika nacho asubuhi nzima.
Maji ya moto yalikivimbisha kama mkate.
Misumari ilitoka na nyama.
Kila kiungo kilikataa kuachana na mwenzake,
na kwa kukataa kikafa.
"Fundi wa hiki," akasema, akijifuta jasho,
"hakutaka mtu amfuate."

Nilikuwa nimeshika kopo la misumari iliyopinda.
Ningeweza kunyamaza; mtaala haudai mwalimu ajitaje.
"Ni mimi," nikasema.
Hakuna aliyecheka,
na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku ile duara sijalifuta,
lakini chaki nimeiweka kando.
Anayeniletea mchoro ninamuuliza: nani atakifungua?
Atakuwa na kifaa gani mkononi, taa gani, hasira gani?
Mti huu ulikunywa mvua za Busoga miaka sitini,
wewe unaupa kazi ya miaka mingapi?
Wengine hukasirika. Mmoja alihamia ushonaji.

Wiki ya mtihani Kaudha alileta kigoda.
Hakikuwa kizuri sana.
Mguu wa tatu uliegemea kidogo,
na mtahini kutoka Kampala alimkata alama kwa hilo,
akaandika, akasogea kwenye meza ya pili.
Hakukigeuza.

Mimi nilikigeuza jioni, wote wameondoka,
nyuzi za pamba zikielea kwenye mwanga wa dirisha.
Chini ya kikalio, kwa penseli, kwa mwandiko wa haraka:
*Miguu ilikuwa ya kiti cha shule.
Skrubu nne tu, hakuna gundi.
Anza na hii yenye alama.
Usivute. Zungusha.*

Na pembeni, msalaba mdogo.